Neno Lililoandikwa kwenye Karatasi ya Tusekile

Siku ya nne ya mafunzo, Mwalimu Anyelwisye aliandika ubaoni kipande cha neno, akakipigia mstari mara mbili, kisha akawageukia wanafunzi wake. Walikuwa watu wazima ishirini na wawili, waliochaguliwa na vijiji vya Mbozi kuwa wahudumu wa afya, na walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kukodi pale Vwawa.

"Msiogope Kizungu," alisema. "Maneno ya hospitali yana kichwa na mkia. Ukiujua mkia, nusu ya kazi imeisha. Jana tuliuona mkia wa 'aitisi'. Maana yake?"

"Kuvimba na kuuma!" darasa likajibu.

"Leo tunao huu, 'ektomi'. Maana yake kukata na kutoa. Kitu kilikuwepo mwilini, kimekatwa, kimetolewa. Nikiwauliza kiko wapi, mnasema hakipo. Apendisektomi: kidole tumbo kimekatwa, kimetolewa…"

"Hakipo!"

"Tonsilektomi: mafindofindo yamekatwa, yametolewa…"

"Hayapo!"

Watu walicheka. Mwalimu huyu alikuwa na namna yake ya kuchangamsha darasa, na hakuna aliyesinzia. Tusekile, aliyekaa mstari wa pili karibu na dirisha, alikuwa akicheka na wenzake. Aliandika mifano yote kwenye daftari, kisha kalamu ikasimama. Kuna neno alilolijua tangu zamani lenye mkia kama huo. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na histerektomi je?"

Alilitamka kipande kipande, kama alivyojifundisha kulisoma mwenyewe.

"Safi sana, Mama! Umelitoa wapi hilo?"

"Nililiona mahali."

"Haya. 'Hista' ni kizazi, yaani mji wa mimba. Sasa tumalizieni wote. Histerektomi: kizazi kimekatwa, kimetolewa…"

"Hakipo!" darasa zima likaitikia, na mzee mmoja wa nyuma akapiga kiganja mezani kwa kufurahia kulipatia.

Tusekile hakuitikia. Alisikia mwalimu akiendelea kueleza kwamba mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huo haoni tena siku zake wala hashiki mimba, na ndiyo maana ni lazima aelezwe vizuri kabla na baada. Aliyasikia yote, sauti ikiwa mbali kama ya mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Jirani yake alimgusa bega akamuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa, kisha akainuka, akatoka nje na kujishikilia kwenye nguzo ya baraza. Kule ndani walikuwa wameshafika kwenye neno jingine, wanacheka tena.

*

Tusekile alikuwa na miaka thelathini na sita. Nyumbani kwake ni Isansa, kwenye mashamba ya kahawa na mahindi, na mumewe aliitwa Rabson. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Ombeni, wa miaka kumi na minne.

Ombeni alizaliwa kwa shida. Uchungu ulianza Jumanne, hadi Jumatano jioni mtoto hajatoka, Rabson akakodi gari na kumkimbiza mkewe hospitali kubwa. Tusekile alikumbuka taa za juu na mtu akimwambia avute pumzi. Alipozinduka ilikuwa Ijumaa. Alikuwa na mshono tumboni, damu ya kuongezewa ikidondoka kwenye mpira, na mtoto wa kike, mzima, amelala pembeni. Aliambiwa amefanyiwa upasuaji. Basi. Akamshukuru Mungu.

Aliyemuuguza alikuwa Loisi, mke wa Zabron, kaka yake Rabson. Loisi alifika Ijumaa ileile na kapu la nguo safi na chupa ya uji. Alimlisha kwa kijiko kwa siku nane. Alimfulia vitenge vilivyolowa damu, akavianika kwenye ua wa hospitali na kuvikunja bila hata mara moja kukunja uso. Siku ya kutoka, nesi alimpa Tusekile karatasi ya ruhusa, akaiweka kwenye sanduku lake pamoja na cheti cha ubatizo.

Mwaka ukapita, siku zake hazikurudi. Akasubiri amwachishe mtoto ziwa. Hazikurudi. Kila mwezi matiti yalimuuma na tumbo likawa zito kama zamani, akajitayarishia vitambaa, na damu haikuja. Aliitoa ile karatasi akaisoma. Alikuwa na kidato cha nne, Kiingereza cha kawaida alikiweza, lakini mwandiko wa daktari ulikuwa wa kukimbia. Neno moja tu refu lilisomeka vizuri. Kwenye kamusi yake ndogo ya shule halikuwemo. Alimwonyesha nesi wa zahanati, yule nesi akalitazama haraka, foleni ikiwa ndefu, akasema, "Hayo ni mambo ya upasuaji wa uzazi." Akampa vidonge vya kurekebisha homoni.

Alimeza vidonge hivyo, na mizizi, na maji ya kuombewa. Alifunga siku ishirini na moja. Alisafiri mpaka Galula kwa pikipiki, makalio yakichubuka, kwa mwanamama aliyesifiwa kufungua vizazi, na huko ndiko alikoambiwa maneno yaliyovunja nyumba ya mwenzake. "Umefungwa," mwanamama yule alimwambia. "Aliyekufunga ndiye aliyefua damu yako."

Mwaka wa sita baada ya Ombeni kuzaliwa, ukoo ulikaa kikao. Tusekile alisimama mwenyewe, kwa miguu yake, akamnyooshea Loisi kidole. Loisi alitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Alisema, "Mimi? Tusekile, mimi?" Hakuna aliyemtetea. Zabron hakutaka kuishi na mchawi. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa, Loisi aliondoka Isansa na wanawe wawili, mkubwa akiwa Lusajo, na habari zilizofuata ni kwamba yuko Tunduma anauza mchele.

Siku zake Tusekile hazikurudi hata hivyo. Lakini alikuwa na faraja moja. Rabson hakumwacha. Hakuoa mwingine. Mama yake alimsukuma aoe, marafiki wakamsema, yeye akajibu tu, "Mungu akipenda." Kanisani mchungaji aliwahi kumtaja kuwa mfano wa wanaume wavumilivu, na Tusekile alilia kwa shukrani mbele ya watu.

*

Alirudi ukumbini baada ya masomo, wenzake walipokuwa wakichukua chakula, akamwendea Mwalimu Anyelwisye.

"Mwalimu, lile neno liko kwenye karatasi yangu."

Mwalimu aliweka sahani chini. Uso wake ulibadilika.

"Karatasi gani, Mama?"

"Ya kujifungua. Miaka kumi na minne iliyopita."

"Na hukuelezwa?"

"Nimeelezwa leo. Na wewe. Na darasa zima."

Anyelwisye alikaa. Alikuwa tabibu wa miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi, na alikuwa amewahi kusikia mengi, ila hili la kumwimbisha mgonjwa ugonjwa wake kwa kiitikio lilimmaliza nguvu. "Nisamehe," alisema mwishowe. "Usihukumu kwa neno tu. Kesho ilete hiyo karatasi, twende ukapigwe utrasaundi, tuwe na hakika."

Usiku ule Tusekile hakumwambia mtu kitu. Asubuhi aliitoa karatasi sandukuni, imekuwa ya njano na imechanika kwenye mikunjo, akaondoka nayo.

Daktari wa kliniki alikompeleka Anyelwisye alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Shani. Alimpaka Tusekile mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa chake kushoto, kulia, katikati, akarudia. Alimgeuzia kioo.

"Mama, hiki ni kibofu cha mkojo. Nyuma yake hapa ndipo kizazi kinapokaa." Aligusa kioo kwa kidole. "Kwako hakipo. Imebaki shingo ya kizazi tu, huku chini."

Tusekile aliangalia kioo. Kilikuwa cheusi na kijivu, kama mvua inayonyesha ndani ya chumba chenye giza.

"Mbona matiti yananiuma kila mwezi?"

"Kwa sababu ovari zako zipo, zote mbili. Zile zinatengeneza mayai na homoni. Zimekuwa zikifanya kazi yake miaka yote."

"Zinamfanyia nani?"

Dokta Shani alimfuta mafuta kwa taulo la karatasi, polepole, kama anayemfuta mtoto. Kisha akaichukua ile karatasi na kuisogeza dirishani.

"Hapa wameandika 'PPH'. Ni kifupi cha kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Walikuongezea chupa tano, Mama, na damu ikaendelea. Waliondoa kizazi ili usife. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile." Alishusha kidole mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maneno mawili yaliyokatwa katikati. "Na haya uliwahi kuyasoma?"

Tusekile aliyajua. *Husb. couns.* Siku zote alidhani ni jina la dawa.

"Siyo dawa," alisema Dokta Shani, na sauti yake ilishuka. "Ni kifupi pia. Maana yake mume ameelezwa na kupewa ushauri."

Nje mtu alikuwa akiita namba za foleni.

"Soma tena," Tusekile alisema.

Daktari akasoma tena.

"Mume ameelezwa nini?"

"Ameelezwa kwamba kizazi kimetolewa."

*

Rabson alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja nyuma ya nyumba alipomwona mkewe anaingia saa nane mchana, siku ya mafunzo, amevaa kiatu kimoja vizuri na kingine amekikanyaga kisigino.

"Mama Ombeni, mbona mapema?"

Tusekile alifika mpaka kwenye kichanja, akaitandaza karatasi juu ya punje za kahawa, mbele ya mikono ya mumewe.

"Baba Ombeni, siku ile nilipopasuliwa, daktari alikuambia nini?"

Aliiona mikono ikisimama. Baadaye, kila alipolifikiria jambo lile, alisema kwamba hapo ndipo alipojua, kabla hajasikia neno. Mtu asiyejua angeuliza, "Siku gani?" Rabson hakuuliza.

"Nani kakuambia?" alisema.

"Alikuambia nini?"

Rabson alichukua punje moja ya kahawa, akaiparura ganda kwa kucha. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Waliniita kwenye korido. Wakasema damu haikati, nisaini wakitoe kile… nisaini, la sivyo unakufa. Nikasaini. Daktari akasema nikwambie taratibu ukipata nguvu."

"Nikapata nguvu lini?"

"Mama Ombeni…"

"Nimekuuliza, Rabson. Nimelima hili shamba. Nimebeba magunia. Nimepanda pikipiki mpaka Galula. Nilipata nguvu lini?"

Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. Mwanamume aliinamisha kichwa.

"Kila nilipotaka kusema, nilikuona umeshika vile vitambaa vyako, unasubiri. Nikasema mwezi ujao. Halafu ukapita mwaka. Ningeanzia wapi?"

"Na Loisi?"

Rabson alirudia kuiparura ile punje.

"Ulikuwepo kwenye kikao," Tusekile alisema. "Ulikaa mkono wa kulia wa Zabron. Nilisimama nikamnyooshea mtu kidole kwamba ameufunga mji wangu wa mimba, na wewe ulikuwa unajua sina. Ulikuwa unajua, umekaa, unatazama."

"Nilidhani yatapoa."

Tusekile alisema baadaye kwamba kama angempiga kofi lingekuwa jambo dogo kuliko lile neno. *Yatapoa.* Alimtazama mtu huyu aliyekula naye sahani moja miaka kumi na mitano, aliyemwombea kwa sauti mezani kwamba Bwana afungue tumbo la mkewe. Akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiitikia amina. Ombeni, aliyekuwa ametoka shule, alimkuta mama yake amekaa chini kwenye vumbi la maganda.

Alimwambia bintiye yote jioni ileile. Hakutaka kuficha hata saa moja. Ombeni alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo Tusekile hakulitegemea: "Kwa hiyo ni kwa sababu yangu?" Akamkumbatia akamwambia hapana, mara nyingi, mpaka msichana akalala.

*

Jumamosi alipanda gari la Tunduma. Soko alilifahamu, lakini alitafuta nusu saa kati ya magunia, wapiga debe na wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Sauti ndiyo iliyomwongoza. "Mwaiseni mukwai, karibuni wateja, mchele wa Kamsamba huu, harufu yake tu unashiba!" Loisi alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga kitenge cha Zambia, anapima mchele kwa mama mmoja wa Kibemba.

Walipoonana macho, kopo la kupimia lilibaki hewani.

"Mama Lusajo," Tusekile alisema, "shikamoo." Hawakupishana hata mwaka, na hakuna aliyestahili shikamoo ya mwenzake. Ilimtoka tu.

Loisi alimalizia kumpimia mteja. Akafunga mfuko. Akamuaga. Ndipo akasema, "Ombeni amekufa?"

"Hapana!"

"Basi nini kimekuleta? Nilijua utakuja siku ya msiba tu."

Tusekile alipiga magoti pale pale sokoni, kwenye mchele uliomwagika. Alieleza yote bila mpangilio, akianzia mwisho, akirudi katikati. Loisi alimwacha aongee. Alipofika kwenye *mume ameelezwa*, Loisi aliketi juu ya gunia na kuweka mkono mdomoni.

"Rabson alijua?"

"Alijua."

"Rabson huyu aliyenisaidia kupakia vyombo kwenye gari siku naondoka? Alibeba godoro langu, Tusekile. Aliniambia, 'Shemeji, safari njema.'"

Hilo Tusekile alikuwa halijui. Walitazamana wanawake wawili.

Kisha Loisi akasema, sasa kwa hasira ya taratibu, "Lakini kidole hakukinyoosha yeye. Ulikinyoosha wewe. Ulikuwa unanijua. Nilikulisha uji, nilikutawaza. Mtu asiyekujua akikuita mchawi unaweza kusahau. Wewe ulikuwa unanijua."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo. Sema ulikuwa unafikiria nini."

"Nilitaka kuwe na sababu," Tusekile alisema. "Kila mtu aliniambia sababu ni mimi. Nikapewa mtu mwingine, nikapokea."

Loisi hakumsamehe siku ile, na hakujifanya kumsamehe. Alimwinua, akampa maji ya kunywa, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kujaa. Akamwambia jambo moja analolitaka: yaleyale yaliyosemwa mbele ya ukoo yafutwe mbele ya ukoo, na ayafute Rabson kwa mdomo wake.

Ilichukua wiki tatu na kukataa mara mbili. Rabson alikubali pale mkewe alipomwambia kwamba asiposema yeye, atasema Ombeni. Kikao kilikuwa kwa Zabron, Mwalimu Anyelwisye akaalikwa kueleza maana ya maneno yaliyo kwenye karatasi, maana wazee hawakutaka kuamini kwamba mwanamke anaweza kuishi bila kizazi asijue. Akawaeleza kwa Kiswahili cha polepole, neno kwa neno, na hakufanya mzaha wowote. Rabson akasimama. Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani, alitoa sauti kama ya mtu aliyechomwa na kitu, akajifunika kanga usoni. Zabron aliinuka, akamsogelea mdogo wake, wote wakadhani atampiga. Hakumpiga. Alimtazama tu kwa karibu, akatoka nje, na walimsikia akitapika nyuma ya ghala.

Loisi alisikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni na mkoba wake begani. Akasema amesikia, na kwamba wanawe wana haki ya kahawa ya baba yao. Alipewa jibu la ndiyo kabla hajamaliza. Kisha akarudi Tunduma na gari la saa kumi. Mchele wake ulikuwa unamsubiri.

Tusekile hakuondoka Isansa, ila alihamia chumba cha Ombeni, na mpaka mwaka unaisha alikuwa bado huko. Rabson alimpikia uji asubuhi, akawagawia wote watatu, wakaunywa bila maneno. Kama yatatengenezeka au hayatatengenezeka, Tusekile hakujua mwenyewe, na aliacha kujibu waliomuuliza. Alimaliza mafunzo. Kijijini akapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa kazi, na kila alipokuta mwanamke aliyetoka hospitali, alimwomba aone karatasi yake kabla hata ya kumjulia hali mtoto. Neno asilolijua alilinakili kwenye daftari, akampigia simu Dokta Shani, akarudi kesho yake kulieleza. Mama mmoja kijana alimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, mbona yeye hakuuliza.

"Najua hukuuliza," Tusekile alisema. "Lete hiyo karatasi, tukae."